Jina la Nyanya Yangu

 

Juma lililopita nilipata barua kutoka kwa msichana wa shule ya sekondari. Jina lake ni Kesia. Anasema kwamba kila mwalimu anapoita jina hilo darasani, wenzake hukohoa na kushika viuno kama vikongwe. Wamempachika jina la "Cucu", yaani nyanya. Anauliza kama ni dhambi kulibadili jina la ubatizo.

Mwanangu Kesia, si dhambi. Lakini usizime redio bado, kwa maana jambo hili lilinipata mimi pia.

Kwanza yafaa tujue majina haya yalitoka wapi. Misheni za Kiprotestanti zilipoanza kazi huku bara, aliyetaka kubatizwa alifundishwa kusoma kwanza, kisha katekisimu, na siku ya ubatizo akapata jina jipya. Wengi walijichagulia wenyewe katika kitabu kile kile walichokuwa wakijifunza kusoma. Ndipo tukapata akina Penina, Milka, Rahabu, Sipora, Dorkasi na Loisi. Wengine walipewa majina yaliyopendwa Uingereza siku zile, kama Gladys, Mildred na Winifred. Akina mama wenye majina hayo waniwie radhi, lakini wakiyatafuta tangu Mwanzo hadi Ufunuo hawatayaona.

Baadaye desturi zetu zikayapokea. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama ya baba yake, na wa pili kwa jina la mama ya mama yake. Desturi hiyo ilihusu majina ya kienyeji, lakini katika nyumba nyingi jina la ubatizo lilifuata nyuma kama ndama. Ndiyo sababu msichana wa leo aweza kubeba jina lililochaguliwa na mwanamke wa miaka ya 1920, huku jirani yake darasani akiitwa Sharon na kujiona wa kisasa. (Sharoni nalo limo katika Biblia. Ni nchi tambarare walikolishwa ng'ombe wa mfalme Daudi. Kesia, usimwambie mwenzako kwa ubaya.)

Mimi naitwa Yerusha. Ni jina la nyanya yangu, aliyebatizwa akiwa msichana huko Nyeri. Nilimwuliza siku moja kwa nini alichagua jina gumu hivyo. Akacheka, akasema kwamba Mariamu na Martha walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na wenzake, naye alitaka jina ambalo halina mtu. Akapekua mpaka akalipata katika Wafalme wa Pili, sura ya 15, mstari wa 33: Yerusha binti Sadoki, mama yake mfalme Yothamu. Hakuna habari zake zaidi ya hizo. "Nikaona huyu mama hana anayemkumbuka," akasema, "nikamchukua."

Nilipokuwa darasa la saba, mwaka 1973, tulijaza fomu za mtihani wa CPE. Wakati ule mwalimu aliandika jina ulilomtajia, asiulize sana. Wasichana walikuwa wamenicheka vya kutosha. Nikamwambia aandike Jacqueline, jina nililoliona katika gazeti, na baada yake jina la baba yangu. Yerusha likaachwa nje, na Wanjiru nalo, maana niliona nikikata nikate yote. Nyumbani sikusema neno.

Mwaka uliofuata nikaenda shule ya bweni. Siku ya wageni ilipofika, wazazi wangu hawakuweza kuja, na nyanya akaja mahali pao bila mimi kujua. Alipanda basi mara mbili, akiwa na kiondo cha viazi vitamu na ndizi. Langoni bawabu alikuwa na orodha ya wanafunzi wote, nayo imebandikwa ukutani. Nyanya akamwambia anamtaka Yerusha Wanjiru. Bawabu akatazama, akasema, "Cucu, hapa hakuna Yerusha." Nyanya akamwomba amwache asome mwenyewe. Alijua kusoma, kama nilivyowaambia. Ndiyo njia aliyolipatia jina. Akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akarudia tena. Kisha akamwachia bawabu kiondo, akamwambia ampe msichana yeyote ambaye hakupata mgeni siku ile.

Habari hizo nilizipata kwa bawabu mwenyewe, baadaye sana. Siku ile nilichoona ni kiondo kikiletwa bwenini kwa sisi tusio na wageni. Nilikijua kabla hakijawekwa chini. Mistari ile ya zambarau na kijani alikuwa akiisuka yeye. Wenzangu wakala na kusifu. Nami nilikula kiazi kimoja, sikusema kitu.

Likizo ilipofika nikaenda nyumbani nikiogopa. Nyanya hakuniuliza lolote. Jioni alinimiminia uji katika kibuyu, akaniita akiutafuta ulimi wake: "Njoo unywe, Jakilini."

Wasikilizaji, sisemi kwamba aachaye jina la ubatizo amekosa. Mama Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo la Amani la Nobel mwaka 2004, aliitwa Miriam utotoni, na baadaye shuleni akaitwa Mary Josephine. Aliporudi kutoka masomoni Marekani mwaka 1966 aliyaweka kando yote mawili, akashika Wangari, jina la nyanya yake. Yeye aliacha jina ili arudi kwa watu wake. Mimi niliacha langu ili nisionekane ninao. Hayo ni mambo mawili, ingawa fomu ya kujaza ni ile ile.

Wala sisemi kwamba kila jina la zamani lina utamu. Ayubu, baada ya taabu zake, alipata binti watatu: Yemima, Kesia na Keren-hapuki. Hilo la tatu maana yake ni pembe ya kuwekea wanja, na sijapata kukutana na mtoto aliyebatizwa hivyo. Lakini Kesia, tazama mstari wa 15 wa sura ya 42. Majina ya wana wa kiume hayakutajwa. Ya mabinti yametajwa, na baba yao akawapa urithi pamoja na ndugu zao. Jina lako ni la gome lenye harufu nzuri, jamaa ya mdalasini. Dada yake Yemima nasi tulikuwa naye: Jemimah Gecaga, mwanamke Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, mwaka 1958. Sidhani kama kuna aliyekohoa alipoitwa jina mle ndani.

Yerusha nalo nilikuja kulijua maana yake katika chuo cha ualimu, katika kamusi ya Biblia. Latokana na neno la Kiebrania la kumiliki na kurithi. Nyanya hakuwahi kurithi hata hatua moja ya shamba la baba yake. Nilipomweleza alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama nina hakika kamusi haikukosea.

Kulirudisha jina si kazi ndogo kama kulitupa. Nilihitaji wakili, nikatia sahihi hati ya kubadili jina, hati ikasajiliwa, na tangazo likachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Vyeti vyangu vya shule vimebaki na Jacqueline hata leo, na kila nilipoomba kazi ilinibidi kuonyesha karatasi ile. Wazazi wanaojaza fomu za watoto wao, na walimu wanaosimamia, walikumbuke jambo hilo.

Gazeti lilipotoka, mwaka 1984, nilinunua nakala, nikapanda basi kwenda Nyeri. Nyanya alikuwa ameketi nje juani, macho yake yamefifia. Nikamfungulia ukurasa, ule wenye maandishi madogo madogo, nikataka kumwonyesha mahali penyewe. Akanizuia mkono. Akaweka kidole chake juu kabisa ya safu, akaanza kushuka nacho polepole, midomo ikitikisika kwa kila jina, mpaka kikasimama.