Neno «Udongo» katika Kiswahili cha Butembo na Beni

Makala haya yanakusudia kueleza maana za neno udongo jinsi linavyotumika Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini, kwa kulilinganisha na Kiswahili Sanifu.

Katika Kiswahili Sanifu, mgawanyo wa maana ni bayana. Udongo ni kitu chenyewe: hufinyangwa chungu, hukandikwa ukutani, huchukuliwa na mvua. Ardhi, neno lenye asili ya Kiarabu, ni eneo linalopimwa, kumilikiwa na kurithiwa. Nchi nayo ilikuwa na maana ya ardhi tunayoikanyaga. Ushahidi ni neno chini, lililotokana na nchi na kiambishi -ni cha mahali. Katika Kimvita, ambamo nchi ni nti, chini huwa tini.

Butembo na Beni mpaka huo haufuatwi. Mkulima husema udongo umechoka, yaani umepoteza rutuba. Mkulima huyohuyo husema amenunua udongo, au kwamba ndugu wanagombea udongo wa baba yao. Hapo neno limebeba maana ya ardhi. Inchi hubaki kwa maana ya taifa, na kiwanja cha mjini huitwa parseli. Yamkini Kifaransa, lugha ya shule na ofisi, kimeuimarisha upanuzi huu, kwa kuwa neno lake terre lina maana zote mbili.

Upanuzi huu si kosa la lugha. Ni kawaida ya lugha hai. Hata hivyo, una uzito mbele ya sheria. Kifungu cha 53 cha sheria ya tarehe 20 Julai 1973 kilitangaza kwamba sol ni mali ya Dola pekee, isiyoweza kuuzwa. Raia alipewa konsesyo, yaani haki ya kuitumia ardhi. Ardhi za jamii za vijijini nazo ziliwekwa katika milki ya Dola. Kwa hiyo, asemaye «nimenunua udongo» huamini amepata ardhi yenyewe, ilhali sheria hiyo ilitambua haki ya matumizi tu. Mkalimani akitafsiri sol kwa neno udongo pasipo ufafanuzi, msikilizaji aweza kudhani kuwa shamba lake limenyang'anywa, au kwamba sheria inahusu mchanga na mfinyanzi tu.

Yafaa basi mfasiri alihifadhi neno la wenyeji, kwa kuwa ndilo linaloeleweka, lakini alifafanue: udongo wa kulima, eneo la udongo, haki ya kutumia udongo. Kwa njia hiyo, mkulima atajua anachotia sahihi.