Kondomu Ipo, Maneno Hayapo

Chuo Kikuu cha Minnesota, upande wa magharibi wa Mto Mississippi, kimepakana na Cedar-Riverside, mtaa wa Minneapolis wenye Wasomali wengi na watu wengine wa Afrika Mashariki. Mwanafunzi wa hapo ana kliniki ya chuo, Boynton. Ana Red Door, kliniki ya Kaunti ya Hennepin inayopima magonjwa ya zinaa. Kutojua, basi, si kisingizio. Hata hivyo, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilikadiria kwamba mwaka 2018 karibu nusu ya maambukizi mapya milioni 26 ya magonjwa ya zinaa nchini humo yaliwapata vijana wa miaka 15 hadi 24.

Mwaka 1999 Paschal Sheeran, Charles Abraham na Sheina Orbell walichambua tafiti 121 kuhusu matumizi ya kondomu. Elimu na hofu ya ugonjwa vilionekana kuwa na uzito mdogo. Kilichokuwa na nguvu ni mtazamo wa mtu juu ya kondomu, nia yake, na kama ameizungumzia na mwenzake.

Kuzungumza ndiko kugumu. Mpenzi wa miezi miwili akiombwa avae kondomu, anasikia tuhuma: huniamini, au una mwingine? Ndiyo maana wengi huanza nayo, kisha huiweka kando wakishazoeana, bila hata mmoja kupima. Mazoea hayatibu klamidia, ugonjwa wa zinaa ambao mara nyingi hauna dalili. Msichana ana mzigo wa ziada: akikutwa na kondomu mkobani ataitwa malaya, wakati kijana wa kiume ataonekana mjanja tu.

Halafu kuna bahasha. Tangu sheria ya bima ya afya ya Marekani ya mwaka 2010, kijana anaweza kubaki kwenye bima ya wazazi hadi atimize miaka 26. Ni nafuu kubwa, ila taarifa ya huduma aliyopata kwa kawaida hutumwa kwa mwenye bima, yaani baba au mama. Kwa binti anayeishi kwao Brooklyn Park au Saint Paul, miji iliyo karibu na Minneapolis, bahasha hiyo hutisha kuliko ugonjwa wenyewe, naye huahirisha kupima. Vipeperushi havitamsaidia, anahitaji mtu wa kumwonyesha jinsi ya kupima bila nyumbani kujua.

Kwa hiyo, mwanafunzi, piga namba iliyo nyuma ya kadi yako ya bima, uulize kama taarifa zako zinaweza kuletwa kwako mwenyewe, au uulize kliniki kuhusu malipo yasiyopitia bima. Mwanamke aliye chini ya miaka 25 anayefanya ngono anashauriwa kupima klamidia kila mwaka, awe na dalili asiwe nazo. Na suala la kondomu lizungumzeni mapema, mkiwa bado mmevaa nguo.