Goma: Sahani ya maabara inaona nini ndani ya bidoni ya maji?

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, bidoni za njano zinapangwa foleni kandokando ya ziwa Kivu. Kuna wamama, watoto waliotumwa kabla ya masomo, na vijana wa chukudu wanaobeba bidoni nyingi kwa safari moja. Mahali penye kituo cha klorini, mhudumu anatia dawa kwa sindano ndani ya bidoni ya lita 20, kisha mwenye maji anaenda zake. Swali linabaki: je, maji hayo yamekuwa safi kweli?

Macho hayawezi kujibu. Maji ya ziwa yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakawa na uchafu wa choo. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Kuchimba kisima ni kazi ngumu, na kuchimba choo kirefu vilevile. Uchafu unapita katika nyufa za mawe, au mvua inausukuma mpaka ziwani. Ndiyo maana jibu linatafutwa ndani ya maabara, kwenye sahani ndogo ya duara yenye chakula cha bakteria.

Lakini sahani hizo si za aina moja. Fundi akikosea kuchagua, anaweza kutangaza kwamba maji ni mazuri kumbe yana hatari. Au anaweza kufungisha kituo cha maji bila sababu, na wakaaji wakarudi kuchota moja kwa moja ziwani.

Koliformu ni nani?

Ndani ya maji kunaweza kuwa na vijidudu vya magonjwa mengi, na kutafuta kila kimoja kunachukua muda na pesa. Kwa hiyo wataalamu wanatafuta bakteria mashahidi, wanaoitwa koliformu. Kati yao, shahidi anayeaminika zaidi ni Escherichia coli, ambaye daktari Theodor Escherich alimweleza mwaka wa 1885. Huyo anaishi kwa wingi ndani ya matumbo ya watu na wanyama. Akionekana ndani ya maji, maana yake kinyesi kimeingia humo. Shirika la Afya Duniani, OMS, linataka asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa.

Kazi inaanza kwa kuchuja. Mililita 100 zinapitishwa katika kichujio chembamba chenye matundu ya maikromita 0.45, na bakteria wanabaki juu yake. Kichujio kinalazwa juu ya chakula, kisha sahani inawekwa katika sanduku la joto. Kesho yake, kila bakteria aliyekuwa hai amezaa kundi linaloonekana kama nukta, na fundi anahesabu nukta hizo.

Chakula kinachochagua wageni

Chakula cha aina hii kinafanya kazi mbili. Kwanza, kinawazuia bakteria wasiotakiwa. Pili, kinawapa rangi wale wanaotafutwa.

Mfano wa zamani ni agari ya MacConkey, iliyobuniwa na Mwingereza Alfred MacConkey mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ndani yake kuna chumvi za nyongo. Bakteria wa matumbo wamezoea nyongo, lakini wengine wengi wanashindwa kuivumilia. Kuna pia laktozi, sukari ya maziwa. Koliformu wanapoila wanatoa asidi, na rangi iliyo ndani ya chakula inawageuza kuwa wapinki au wekundu. Bei yake ni nafuu na maabara nyingi za hospitali zinaijua. Ubaya wake ni kwamba rangi ya pinki inasema tu «huyu anakula laktozi». Haisemi kama ametoka tumboni au kwenye udongo na majani.

Agari ya Endo, iliyotokana na kazi ya Mjapani Shigeru Endo mwaka wa 1904, inawapa koliformu mng'ao wa kijani kama wa chuma. Fundi mwenye uzoefu anautambua haraka, lakini anayeanza anaweza kubishana na mwenzake kuhusu nukta moja. Tena chakula hiki hakipendi mwanga: kikikaa mezani muda mrefu, kinaharibika.

Njia ya tatu ni kutumia joto. Koliformu wengi wa mazingira wanachoka joto likifika nyuzi 44, wakati E. coli anaendelea kukua. Chakula kinachoitwa mFC kinatumika kwa nyuzi 44.5 na kinatoa nukta za bluu. Chakula cha lauri salfati, kinachopatikana katika masanduku mengi ya kupimia maji nje ya maabara, kinatoa nukta za njano kwa nyuzi 44. Njia hii ni nzuri kwa mahali penye bakteria wengi wa udongo. Hata hivyo, bakteria wa jamii ya Klebsiella wanaweza kuvumilia joto hilo, na wengine wao hawatoki kwenye kinyesi. Pia nyuzi hizo hazitaki mchezo. Umeme ukikatika usiku na joto likashuka, wageni wasioalikwa wanaingia katika hesabu.

Rangi mbili, jibu moja

Siku hizi maabara nyingi zimeelekea kwenye agari za rangi, zinazopima vimeng'enya vya bakteria. Koliformu wa kawaida anatoa nukta ya pinki au nyekundu. E. coli, ambaye ana kimeng'enya cha ziada, anatoa nukta ya bluu nzito au urujuani. Sahani moja, joto la nyuzi 36 hivi, na jibu linapatikana katika siku moja bila kupima tena kila nukta. Kanuni ya kimataifa ISO 9308-1, toleo la 2014, imechagua chakula cha namna hii.

Je, basi mjadala umekwisha? Hapana. Kanuni hiyohiyo inasema kwamba njia hii inafaa hasa kwa maji yenye bakteria wachache, kama yale yaliyokwisha kutiwa dawa. Maji ghafi ya ziwa yanaweza kuijaza sahani mpaka nukta zikapandana. Hapo fundi analazimika kuyazimua kwanza au kutumia njia nyingine. Zaidi ya hayo, aina chache za E. coli hazina kile kimeng'enya cha ziada. Mmoja wao ni O157, anayeleta kuhara damu: hawezi kuonekana bluu. Na bei ya chakula hiki iko juu kuliko ya MacConkey, jambo zito kwa maabara inayoagiza kila kitu kutoka mbali.

Ndiyo sababu kulinganisha vyakula kunafanywa kwa maji ya mahali penyewe. Maji ya chupa moja yanatikiswa na kugawanywa, kisha yanapandwa kwenye sahani za aina mbalimbali siku ileile. Baadaye nukta zinachukuliwa na kuthibitishwa moja moja: ngapi zilikuwa E. coli kweli, ngapi zilidanganya, na ngapi zilikosa kuonekana.

Klorini nayo inachanganya mambo. Bakteria aliyepigwa na dawa anaweza kuwa hai lakini dhaifu. Akiwekwa mara moja kwenye chakula kikali na joto la nyuzi 44, anakufa, na sahani inabaki safi kwa uongo. Kwa hiyo, kwa maji yaliyotiwa dawa, anapewa kwanza saa chache za kupumzika kwenye joto la chini. Chupa ya kuchotea pia inatiwa thiosalfati ya sodiamu ili klorini isiendelee kuua njiani.

Shahidi asiyeijua kolera

Kuna jambo moja ambalo wakaaji wa Goma wana haki ya kulijua. Hakuna hata moja kati ya sahani hizi inayotafuta kipindupindu. Kijidudu chake, Vibrio cholerae, si koliformu. Anahitaji chakula chake mwenyewe, kinachoitwa TCBS, ambapo anaonekana kama nukta za njano. Sahani safi ya koliformu inasema kwamba dalili ya kinyesi haikuonekana. Haisemi kwamba kolera haipo.

Mji huu unajua gharama ya maji mabaya. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofika kwa mamia ya maelfu, kipindupindu na kuhara damu viliua watu wanaokadiriwa kufikia karibu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Maji ya ziwa yalikuwa miongoni mwa njia kuu za maambukizi.

Sahani inajibu baada ya siku nzima, na bidoni iliyochotwa asubuhi imekwisha kunywewa kabla ya jioni. Kwa hiyo kipimo cha klorini, kinachotoa jibu kwa dakika chache, kinabaki kuwa mlinzi wa kila siku: angalau miligramu 0.2 mpaka 0.5 zilizobaki katika kila lita. Sahani ndiyo inayokagua kama mlinzi huyo amefanya kazi. Na nyumbani, bidoni iliyooshwa ndani, kifuniko kilichofungwa vizuri na dakika 30 za kusubiri baada ya kutia dawa ni mambo ambayo familia yoyote inaweza kuyafanya leo, bila maabara.