Posho Inayokatwa Kodi na Marejesho Yasiyokatwa

Mchukulie afisa mikopo wa kampuni binafsi yenye ofisi Bukoba mjini. Wateja wake wako Kamachumu, Nshamba na Muleba mjini, na wachache ni wavuvi wa kisiwa cha Bumbire. Kila mwezi mafuta ya pikipiki na nauli ya boti humlia kama shilingi 120,000. Mwajiri anaweza kumlipa fedha hizo kwa njia mbili, na tofauti baina yake ni shilingi 30,000.

Njia ya kwanza imezoeleka kwa sababu haimsumbui mtu: mshahara unaongezewa mstari wa "posho ya usafiri". Tuseme mshahara wake, ukishaondolewa mchango wa NSSF, ni 850,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, kipato cha kati ya 760,000 na 1,000,000 kwa mwezi hukatwa 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Bila posho, kodi yake ni 90,500. Posho ikiingia, inapanda hadi 120,500. Amepewa 120,000, zimebaki 90,000, na kule sheli lita haikushuka bei.

Njia ya pili ni kumpa masurufu, au atangulize fedha yake, kisha alete hesabu. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 kinaiacha nje ya kipato cha ajira posho ambayo ni marejesho matupu ya fedha zilizotumika kwa ajili ya kazi. Posho ya kiwango kimoja kila mwezi, hata mwezi ambao mtu alikuwa likizo, haipiti hapo, hata mhasibu aiite jina lolote alitakalo. Wala nauli ya kutoka nyumbani Kashai hadi ofisini haipiti. Hiyo ni gharama ya mtu binafsi.

Shida iko kwenye ushahidi. Sheli itakupa risiti ya EFD. Mwenye boti wa Bumbire na bodaboda wa Nshamba hawana mashine. Wahasibu wengine hapo hugoma kurudisha fedha, na kwangu huko ni kumwonea mfanyakazi, kwani safari ameifanya na mkopo wa mvuvi umekusanywa. Mwandikieni vocha: tarehe, alikotoka na alikokwenda, mteja aliyemwona, kiasi, jina na saini ya aliyepokea. Kama nauli ililipwa kwa simu, ambatisheni ujumbe wa muamala. Mkaguzi wa TRA bado anaweza kuuliza maswali, lakini atauliza akiwa na karatasi mbele yake.

Na atamuuliza mwajiri. Posho ikibainika ilistahili kukatwa kodi na haikukatwa, mwajiri ndiye anayedaiwa kodi hiyo, tena na riba. Kufikia hapo mfanyakazi huenda alishahamia Mwanza.

Tahadhari nyingine: usinakili utaratibu wa jirani yako aliyeajiriwa na halmashauri. Kifungu hichohicho kinasamehe posho za nyumba, usafiri na madaraka kwa watumishi wa serikali na wa taasisi zinazoendeshwa kwa ruzuku yake. Sijaona sababu ya kuridhisha ya kumtoza mmoja na kumwacha mwingine ilhali wote wanajaza petroli kwenye pampu moja, ila ndivyo ilivyoandikwa.

Lipo pia suala la chenji. Afisa wetu amechukua masurufu ya 120,000, ziwa likachafuka, boti haikuondoka, akatumia 80,000 tu. Hizo 40,000 zirudi ofisini na stakabadhi iandikwe. Meneja akimwambia "kaa nazo", basi amemwongezea malipo, nazo ziingie kwenye orodha ya mishahara ya mwezi huo, na kodi yake ifike TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha.