Moshi wa Jikoni na Joto la Dunia
Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, husifika kwa mananasi. Sisi madaktari hutazama pia moshi wa kuni jikoni. Chembechembe zake hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na kuchangia nimonia kwa watoto. Masizi hayohayo yakifika angani hunyonya joto la jua. Na mti uliokatwa bila kuoteshwa mwingine huacha kaboni yake hewani.

Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Wapo wanaohoji: je, gesi nayo haitoi kaboni? Hutoa, ila moshi wake ni mdogo mno. Kikwazo kikubwa ni bei: kuni huokotwa, mkaa hununuliwa kwa kopo, mtungi hujazwa kwa mkupuo. Mjadala wa haki na uanzie hapo.