Wasifu wa Marehemu Usiishie Kwenye Ugonjwa

Katika misiba yetu, iwe Tukuyu, Mwanjelwa, Kihesa au Mafinga, mtu husimama kusoma wasifu wa marehemu. Mpangilio wake unajulikana: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, watoto, kuugua na kufariki. Ndugu aliyekuwa na sindromu ya Down akisomewa kwa mpangilio huo, mara nyingi husikika mambo matatu tu: alizaliwa, akaugua, akafariki. Miaka yake thelathini au arobaini inamalizwa kwa dakika moja.

Wasifu kamili huanza kwa kuieleza hali yenyewe kwa usahihi, maana msibani hukusanyika hata wale walionong'ona miaka yote. Kwa kawaida seli ya mwanadamu ina kromosomu 46. Mwenye sindromu ya Down mara nyingi huwa na 47, kwa kuwa ana nakala tatu za kromosomu ya 21 badala ya mbili. John Langdon Down, daktari Mwingereza, aliieleza hali hii mwaka 1866. Mwaka 1959 watafiti wa Ufaransa, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, walitangaza chanzo chake. Hitilafu hiyo hutokea zaidi wakati yai au mbegu ya kiume inapotengenezwa, na ni mara chache tu hurithiwa. Haiji kwa laana, uchawi wala kosa la mama. Maneno hayo yakisomwa hadharani, mama aliyelaumiwa tangu alipojifungua hutuliwa mzigo mbele ya ukoo mzima.

Chanzo cha kifo nacho kitajwe kwa jina lake, kama ni moyo, nimonia au saratani ya damu. Karibu nusu ya watoto wenye hali hii huzaliwa na kasoro ya moyo, na nyingi hurekebishika kwa upasuaji. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hufanya upasuaji wa moyo kwa watoto, ingawa kwa familia ya Mbeya kufika huko Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Nchini Marekani, wastani wa umri wa kuishi wa watu hawa ulikuwa miaka 25 hivi mwaka 1983. Sasa unakaribia 60, na tiba ya moyo imechangia sana. Jirani atakayesikia hayo msibani huenda akawahi kumpeleka mwanawe kupimwa.

Wanaofikia utu uzima huweza kupata ugonjwa wa Alzheimer mapema, mara nyingi wakiwa na miaka 40 au 50 na kitu, kwa sababu kromosomu ya 21 hubeba jeni inayohusika na ugonjwa huo. Ndugu waliomuuguza hukumbuka zaidi miaka ile ya mwisho ya kusahau na kupotea njia. Hapo waulizwe watu waliomjua kabla: wanakwaya wenzake, mama wa genge, wapwa aliowabeba mgongoni.

Na elimu, kazi, ndoa na watoto? Jazeni yale aliyoyafanya. Mjini Iringa, kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana mwaka 2003, kimeonyesha kwamba watu wenye ulemavu hujifunza ufundi na kulipwa ujira. Lakini aliyechota maji, aliyepanga mafungu ya viazi gengeni au aliyewahi kanisani kupanga viti naye alifanya kazi. Asiyeoa alikuwa mjomba wa watu. Isemwe pia alivyokasirika, alivyokuwa mbishi, na chakula alichokikataa. Kumwita malaika asiye na kosa humpunguzia utu sawa na kumwita mgonjwa.

Tatizo ni muda. Kati ya kifo na maziko kuna siku mbili tatu, na mwandishi wa wasifu ana kilio chake mwenyewe. Kwa hiyo daftari lifunguliwe mapema: picha zenye tarehe, majina ya rafiki zake, sauti yake iliyorekodiwa kwenye simu. Kama mnaye ndugu wa namna hii nyumbani, msisubiri msiba. Kaeni naye wiki hii, mmwulize yeye mwenyewe angependa watu wajue nini juu ya maisha yake, kisha mwandike kama anavyosema.