Mguu wa kupandia daladala unapokutana na klachi

KWENYE soka la Bongo, mchezaji asiyejua kutumia mguu wa kushoto hapewi pole, anataniwa. Jukwaani watamwambia ule mguu ni wa kupandia daladala tu. Akiletewa pasi safi upande huo, anauzunguka mpira ili aupige kwa kulia, beki anafika, shambulizi linakufa.

Sasa mchukue winga wa namna hiyo, kijana wa miaka 21, kapata pesa yake ya kwanza ya maana ya usajili, kanunua gari. Hakuchukua Crown wala IST kama wenzake. Kachukua Suzuki Swift Sport ya gia za mkono, gari dogo lenye mbio, kwa sababu aliiona mtandaoni ikikata kona akaipenda. Anaketi, anafunga mkanda, anatazama chini, anakuta pedali tatu. Ile ya kushoto kabisa, klachi, kazi yake yote inafanywa na mguu uleule wa kupandia daladala.

Gari linazima. Analiwasha. Linaruka kama chura, linazima tena. Watoto waliokuwa wanapiga chandimu pembeni wameacha mpira, wanaangalia sinema ya bure.

Hakuna aibu hapo. Madereva wengi wa mjini siku hizi hawajawahi kugusa klachi maisha yao yote. IST, Vitz na Passo zilizojaa barabarani, nyingi ni otomatiki: unaweka D, unaachia breki, safari. Hata huko Japan zinakotoka, tangu mwaka 1991 kuna leseni maalumu ya mtu anayetaka kuendesha otomatiki peke yake. Mguu wa kushoto umelala usingizi mrefu, na hauwezi kuamka ndani ya dakika tano.

KWA NINI LINAZIMA

Gari likiwa limesimama na injini inanguruma, injini inazunguka karibu mara 800 kwa dakika, wakati magurudumu hayaendi popote. Vitu viwili hivyo lazima vikutanishwe taratibu. Anayevikutanisha ni klachi pleti, sahani inayobanwa kwenye flaiwili ya injini. Ukikanyaga klachi, sahani inaachia. Ukiinua mguu, inashika. Ukiinua ghafla, magurudumu yaliyosimama yanaikaba injini, injini inakata roho. Ukikaa katikati muda mrefu huku unapiga resi, sahani inasuguana mpaka unasikia harufu ya kuungua, na fundi anaanza kuhesabu hela zako.

Kwa hiyo somo lote la siku ya kwanza ni sehemu ndogo sana ya safari ya ile pedali, pengine unene wa vidole viwili, pale sahani inapoanza kushika. Mwalimu mzuri wa udereva hamruhusu mwanafunzi kugusa mafuta kabisa. Uwanja ulionyooka, gia namba moja, kisigino kimegusa sakafu, mguu unapanda polepole. Sauti ya injini inashuka kidogo. Pua ya gari inainuka kidogo. Hapo hapo, ushikilie. Usiinue, usirudishe. Gari lenyewe linaanza kutembea kama mtu anayetoka kitandani.

Mara ishirini. Mara thelathini. Ni kama kutuliza pasi ya juu: anayeukaza mguu, mpira unamruka mita tatu, anayeulegeza mguu wakati mpira unafika, unamlalia pale pale. Hilo mchezaji analielewa haraka kuliko karani wa benki. Shida ni kwamba analielewa kwa mguu wa kulia.

Na hapa wachezaji wanakosea kitu kidogo kinachoudhi. Wanatoka mazoezini na malapa. Lapa linateleza, linajikunja, linaingia chini ya pedali, na klachi inaachiwa ghafla mtu akiwa nyuma ya bajaji. Njumu ndiyo usiseme. Kiatu cha kuendeshea ni raba ya soli nyembamba, mguu usikie kitu kinachoendelea.

SWIFT SPORT YENYEWE

Ile iliyotoka Japan mwaka 2005, inayojulikana kwa namba ZC31S, ina injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 125 na gia tano. Uzito wake ni tani moja na kidogo. Haina tabo. Nguvu zake zimekaa juu: mvuto wake mkubwa unakuja injini ikifika mizunguko 4,800 kwa dakika, na farasi wote 125 wanatoka ikifika 6,800. Maana yake, ukiliendesha kama teksi, uko gia ya nne na spidi 40, linalala. Ukitaka likimbie inabidi uchague gia mwenyewe, kwa wakati, kama kiungo anayeamua lini apoze mpira na lini apige mbele.

Jina hilo halikutoka hewani pia. Mwaka 2007, Per-Gunnar Andersson wa Sweden alichukua ubingwa wa dunia wa vijana wa mbio za magari akiwa na Swift. La mashindano lilikuwa limetengenezwa upya, lakini mwili na jina ni vilevile.

Ubora wa gari la aina hii kwa mwanafunzi ni kwamba linamsema mapema. Magurudumu ya mbele ndiyo yanavuta na ndiyo hayohayo yanakata kona. Ukiingia kwenye kona na mwendo mwingi, halikurushi mara moja. Kwanza usukani unakuwa mwepesi, pua inakataa kuingia, linataka kwenda moja kwa moja. Ukipunguza mafuta kwa utulivu, linarudi. Umejifunza kosa ukiwa spidi 50. Gari la farasi 500 linakufundisha kosa hilohilo ukiwa 150, na hapo mara nyingi hakuna marudio.

Kupanda gia ni rahisi kuliko kushuka, na wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Kushuka kutoka ya tatu kwenda ya pili, injini lazima izunguke kasi zaidi kuliko ilivyokuwa. Ukiachia klachi bila kuisaidia, gari linapiga kichwa chini na abiria wanakutazama. Dawa yake ni kugusa mafuta kidogo klachi ikiwa chini, injini ipande, ndipo uachie. Wazoefu wanafanya hivyo huku wakifunga breki, vidole viko kwenye breki na pembeni ya mguu kwenye mafuta. Huyo winga asijaribu mwezi huu.

Faida yake utaiona Kitonga. Anayeshuka mlima ule kwa breki peke yake, breki zinachemka na kuanza kulegea. Anayeshuka na gia ya chini, injini yenyewe inamshikia gari na breki zinabaki za dharura. Otomatiki nayo inaweza kushushwa gia, ila wangapi wanaokumbuka kuisogeza pale D?

MASTAA NA MAGARI

N'Golo Kante alikuwa anaendesha Mini ndogo akiwa Leicester. Akachukua ubingwa wa England 2016, Chelsea wakamwaga karibu pauni milioni 32 kumchukua, yeye akaenda na Mini yake. Akachukua ubingwa tena 2017, na mwaka uliofuata Kombe la Dunia. Maegesho ya Cobham yamejaa magari ya bei ya nyumba, na jamaa anaingia na kigari ambacho wenzake wangewanunulia shangazi zao. Watu walicheka kwa upendo, lakini kuna kitu cha kufikiria pale.

Fabien Barthez, kipa wa Ufaransa bingwa wa dunia 1998, alikwenda njia nyingine. Alipoacha soka akaingia kwenye mbio za magari, na mwaka 2014 akashiriki saa 24 za Le Mans na Ferrari. Hakurukia huko moja kwa moja kutoka golini. Alipitia mashindano ya ngazi za chini kwa miaka kadhaa kwanza.

Upande wa pili hauchekeshi. Desemba 7, 2024, Ferrari ya Michail Antonio wa West Ham iliacha barabara huko Essex, siku ya dhoruba. Mguu wake ulivunjika akafanyiwa upasuaji. Julai 3, 2025, Diogo Jota wa Liverpool na mdogo wake Andre Silva walifariki nchini Hispania. Polisi walisema inaonekana tairi lilipasuka wakati Lamborghini waliyokuwamo ikilipita gari jingine.

Gari la gia za mkono lisingezuia tairi kupasuka, na anayesema hivyo anadanganya. Ila mchezaji wa hapa anayenunua gari lililotumika aanze na tairi kabla ya muziki na rimu. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2314, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Linaweza kuwa na kashata nzuri tu na bado likawa limezeeka.

GOTI NALO LINA NENO

Kuna jambo ambalo madaktari wa timu wanalijua na wachezaji hulikumbuka wakishaumia. Aliyefanyiwa upasuaji wa goti la kushoto, kama gari lake ni otomatiki, anaweza kurudi barabarani mapema, maana mguu wa kulia ndio unaofanya kazi. Mwenye gari la klachi anasubiri mpaka goti liweze kukanyaga kwa nguvu bila maumivu, na daktari aseme ndiyo. Hata mzima, foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni, klachi chini, klachi juu, kwa saa nzima, siku moja kabla ya mechi, si kitu cha kumshauri winga. Siku hiyo apande na mwenzake.

Kwa hiyo mazoezi yafanyike Jumapili asubuhi, mji ukiwa mtupu. Wiki ya tatu mwalimu anampeleka kijana kwenye mteremko wa Mlimani, chuo kikuu, anamwambia asimame katikati ya kilima. Handibreki juu. Nyuma inakuja daladala, inasimama karibu kabisa, konda anagonga bodi.

Gia namba moja. Mafuta kidogo. Mguu wa kushoto unapanda taratibu mpaka sauti inashuka na pua inainuka. Handibreki chini. Gari halirudi nyuma hata inchi, linapanda.

"Haya," anasema mwalimu, "zunguka, tunarudia."